Maswali ya Wasomaji: Taa ya LED Mbele ya Jua la Pwani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wapiga picha wa Unguja na Pemba wanaofanya kazi nje ya studio: harusini, ufukweni, vichochoroni. Wote wanatumia kamera zisizo na kioo, mirolesi kwa lugha ya mafundi, pamoja na taa za LED. Barua ndefu tumezifupisha.

Nimenunua taa ya LED ya wati 60 na softiboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 90. Niliwapeleka maharusi Paje saa 9 alasiri. Taa niliiwasha mpaka mwisho, lakini kwenye picha ni kama haikuwepo: bahari nyeupe, nyuso nyeusi. Nimeuziwa taa mbovu?
*Mpiga picha wa harusi, Jang'ombe*

Taa yako nzima, kaka. Umeipiganisha na jua, na hakuna taa ya wati 60 inayoshinda pambano hilo.

Tupige hesabu. Jua la mchana wa wazi linatupa takriban laksi 100,000, laksi ikiwa kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Taa ya wati 60 ikiwa ndani ya softiboksi, mita moja kutoka usoni, mara nyingi hubakiwa na laksi 2,000 hadi 4,000, kwa sababu kitambaa kinakula sehemu kubwa ya mwanga. Ili bahari ya saa hiyo isiungue unahitaji kama ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/2.8 (uwazi wa lenzi), shata 1/4000 (muda wa kupiga, kwa sehemu ya sekunde), na kwa mpangilio huo uso unataka laksi 80,000 hivi. Wewe umeupa 3,000.

Huenda ukauliza mbona fleshi ndogo ya juu ya kamera inaweza. Fleshi inamwaga nguvu zake zote kwa mpigo mmoja, jouli 60 hivi; wati moja ikiwaka sekunde moja ni jouli moja. LED haijui kama umebonyeza. Inawaka vilevile muda wote, na kamera inachota kipande tu. Wati 60 kwa 1/250 ya sekunde ni jouli 0.24. Hata tukikubali kwamba LED inageuza umeme kuwa mwanga vizuri kuliko fleshi, pengo hilo halizibiki. Mteja aking'ang'ania picha za juani saa 9, azima fleshi yenye uwezo wa shata ya kasi, au wahamishe chini ya mkungu.

Msimamo wetu, na utauona tena kwenye majibu ya chini, ni huu: pahala na saa ndiyo wali, taa ni chumvi. Paje, Bwejuu na Jambiani zinatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua linashuka nyuma ya minazi, upande wa kijiji. Ufukwe unaingia kivulini wakati anga la baharini bado lina rangi, na hapo ndipo taa yako inapopata kazi. Anayetaka jua lizame ndani ya maji aende Kendwa au Michamvi Kae, ambako ingawa ni shamba la mashariki, ufukwe unatazama magharibi juu ya ghuba ya Chwaka.

Jua la Unguja linazama karibu saa 12 na robo mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Novemba, na linachelewa mpaka karibu saa 1 kasorobo mwezi wa Februari. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo giza halibembelezi: dakika 20 hivi baada ya jua kuzama, mwanga wa kufanyia kazi umekwisha. Dakika zako ni zile za 5 hadi 15 baada ya kuzama, na kila kitu kiwe kimeshasimamishwa kabla.

Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, ISO 100, f/2.8. Taa iwe imezimwa. Tazama anga peke yake na sogeza shata mpaka rangi itulie kwenye kitazamio. Dakika tano baada ya jua kuzama mara nyingi utaishia karibu na 1/125. Mpangilio huo unataka laksi 2,500 hivi usoni, na taa yako kwa mita moja inazo. Sasa iwashe, anza na asilimia 50, panda mpaka uso ukae sawa. Kila dakika tatu au nne anga linashuka. Ukipunguza kasi ya shata kulifuata, taa nayo ishushe, la sivyo uso utawaka kama wa mtu aliyemulikwa na taa za gari.

Taa ikifika mia na bado haitoshi, usikimbilie ISO. Isogeze. Kutoka mita 1 hadi sentimita 70 mwanga unakuwa maradufu. Kutoka mita 1 hadi mita 2 unabaki robo. Hii ndiyo sababu ya picha za mwili mzima kuharibika: mtu anarudisha taa mita tatu ili isionekane, halafu anashangaa. Piga nusu mwili kwanza na taa ikiwa karibu, mwili mzima uuache mwisho, anga likishafifia kiasi cha taa ya mbali kutosha.

Mambo mawili ya Paje yenyewe. Kusi likivuma, softiboksi ya sentimita 90 ni tanga. Kiroba cha kilo 10 za mchanga juu ya mguu wa stendi ulioelekea upande wa taa, au bora zaidi kijana wa kuishika kwa mkono. La pili ni maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, bahari ya Unguja hujaa karibu saa 10 alasiri, kwa hiyo magharibi inapoingia maji bado yako karibu. Siku za maji mafu mambo yanageuka: kupwa ndiko kunakoangukia karibu saa 10, na jua likizama, nyuma ya maharusi wako kutakuwa na mchanga mtupu na vigingi vya mwani. Ukiweza kuchagua tarehe, chagua siku mbili za mwanzo baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Kila siku inayoongezeka, maji yanachelewa kwa dakika 50 hivi.

Bwana harusi kavaa kanzu nyeupe na joho, bibi harusi ni mweusi. Napiga usiku kwa LED mbili. Kanzu inaungua, na ngozi inatoka kijivu, mara nyengine kijani. Nikivuta wekundu kwenye kompyuta, hina inakuwa kama damu.
*Wete*

Hapa kuna matatizo mawili yaliyopanda gari moja. Tuanze na rangi.

Kijivu kinatoka kwenye taa. LED nyeupe kwa asili ni LED ya buluu iliyopakwa fosfori inayobadilisha sehemu ya buluu hiyo kuwa njano. Taa rahisi inakuwa na buluu ya kutosha, njano na kijani tele, na nyekundu kidogo. Ngozi zetu, kuanzia maji ya kunde mpaka nyeusi tii, uhai wake uko kwenye wekundu; ukiondoka, uso unakuwa kama umepakwa jivu. Na usiridhike na CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, iliyoandikwa kwenye boksi. CRI ni wastani wa rangi 8 zilizopauka, na nyekundu iliyokolea, inayoitwa R9, haimo ndani yake. Taa inaweza kuwa na CRI ya themanini na kitu huku R9 yake iko jirani na sifuri. Kwa picha za watu tafuta CRI 95 kwenda juu, na R9 iandikwe, iwe 90 au zaidi. Taa isiyotaja R9, mara nyingi ina sababu ya kutoitaja.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Mtu ashike kanga yenye nyekundu iliyoiva, mkono wake wenye hina uwe pembeni. Piga picha moja mchana kivulini, nyengine usiku kwa taa yako, zote mbili mizani ya weupe (kuifunza kamera nyeupe ni ipi) ikipimwa kwa kadi ya kijivu. Kanga ikigeuka rangi ya matofali chini ya taa, taa haina wekundu, na kompyuta haiwezi kurudisha kisichorekodiwa. Unapovuta wekundu kwa picha nzima unaivuta na hina, ambayo ilikuwa na wekundu wake tangu mwanzo. Ndiyo damu unayoiona.

Kijani kina dawa rahisi. Jeli (karatasi ya plastiki ya rangi) ya majenta, ile hafifu ya robo, mbele ya taa huondoa sehemu kubwa, au ndani ya kamera sogeza mizani ya weupe upande wa majenta hatua mbili tatu. Angalia pia kama taa zako mbili ni za kampuni tofauti. Zote zikiandikwa 5600K (K ni Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), moja inaweza kuwa ya kijani na nyengine ya waridi, na hapo jeli ni ya ile moja tu.

Sasa kanzu. Kanzu safi na ngozi nyeusi zinapishana kwa stopu mbili hadi tatu, na stopu moja ni mwanga kuwa maradufu au nusu. Ukipimia uso, kanzu imekwenda. Kwa hiyo pimia kanzu: washa mistari ya pundamilia, alama ya kamera ya kuonya kuwa mwanga umezidi, iweke 100, ongeza mwanga mpaka mistari itokee begani, kisha punguza theluthi theluthi ya stopu mpaka ipotee. Hapo kanzu bado ina mikunjo na ule uzi wa darizi shingoni unaonekana. Rekodi RAW, faili ghafi ya kamera, si JPEG.

Uso uokoe kwa kupanga watu na taa. Bibi harusi akae upande wa taa, mita 1 kutoka kwake. Bwana harusi upande wa pili, mita 1.4. Kwa tofauti hiyo ndogo kanzu inapata nusu ya mwanga anaoupata bibi harusi, stopu nzima, bila kugusa kitufe. Kisha pandisha taa juu kidogo ya vichwa, ielekeze usoni, na funika theluthi ya chini ya softiboksi kwa mtandio mweusi ili kifuani kufike kidogo. Ukitazama kwenye kitazamio huku msaidizi anaushusha mtandio polepole, utaona kanzu inatulia na uso haubadiliki.

Kwa ngozi nyeusi ongeza upana wa taa kabla ya nguvu. Ngozi hiyo inajichora kwa mng'ao, na softiboksi kubwa ikikaa ubavuni, nyuzi 45 hadi 60 kutoka kwenye kamera, inaacha mng'ao mpana shavuni na kwenye paji. Taa ndogo inaacha vidoa vyeupe kwenye jasho. Siku za kaskazi jasho halikosekani: likandamize kwa karatasi laini, usilifute, maana ukifuta unaondoka na poda.

Nikipiga ukumbini kwa shata ya kimya, picha zinatoka na mistari ya giza iliyolala upana wote. Fundi kaikagua kamera anasema haina kitu.
*Michenzani*

Fundi kasema kweli. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa nyingi za ukumbini zinapepesa mara 100 kwa sekunde, mpepeso mmoja kila milisekunde 10. Shata ya kimya haichukui picha yote kwa pamoja. Sensa, kile kibao kinachopokea picha, inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye kamera nyingi kazi hiyo inachukua kati ya 1/20 na 1/60 ya sekunde. Ikiwa yako inatumia 1/25, yaani milisekunde 40, taa imepepesa mara nne kabla picha haijaisha kusomwa. Ihesabu mistari kwenye picha zako, itakuambia kamera yako inasoma kwa kasi gani.

Rudi kwenye shata ya kawaida, ile yenye mlio, na uweke 1/100 au 1/50. Kwa 1/100 kila sehemu ya picha inapata mpepeso mmoja mzima, haipunjwi. Ukienda 1/200 unachukua nusu ya mpepeso: picha moja inang'aa, inayofuata imefifia na imekuwa njano, na wewe hukugusa kitu. Ndiyo, kwa 1/100 anayecheza atatoka na ukungu mikononi. Bonyeza pale mwendo unapogeuka, mkono ukifika juu kabla haujaanza kushuka. Hapo husimama kwa muda wa kutosha.

Umeme ukikatika na jenereta ndogo ikashika, Hz 50 hazikai 50, na mistari hafifu inaweza kurudi hata kwa 1/100. Tafuta kwenye menyu kipengele cha kuzuia mpepeso. Taa za rangi za DJ ni habari nyengine kabisa: zinapepesa kwa kasi zao wenyewe, na kinachosaidia ni shata inayorekebishwa kwa desimali, kama kamera yako inayo. Kama haina, subiri mwanga wa DJ uwe nyuma ya watu na uso uumulike kwa taa yako.

Lakini taa yako nayo uipime kabla ya kuiamini. Ielekeze kwenye ukuta mweupe, shata ya kimya, 1/2000, piga kwa asilimia 100, 50 na 10. Taa nyingi ni safi zikiwa mia, halafu kwenye 10 zinaanza mistari kama mkeka.

Napiga picha za wageni Mji Mkongwe kwa taa ndogo ya mfukoni. Vichochoroni macho yanakuwa mashimo hata saa 4 asubuhi. Nikiwasha taa, uso unakuwa wa buluu na ukuta wa njano.
*Malindi*

Kichochoro chenye nyumba za ghorofa tatu pande zote kinapata mwanga kutoka kwenye ufito wa anga ulio juu. Mwanga unadondoka wima, paji la uso linauzuia, na macho yanabaki shimoni. Kabla hujatoa taa mfukoni, msogeze mtu.

Pahala bora pa kumuweka ni mlangoni. Mlango uwe wazi, asimame hatua moja ndani, atazame nje. Kizingiti cha juu kinakata ule mwanga wa wima, na kinachomfikia ni kile kilichogonga ukuta wa mbele na kurudi, mpana na laini. Wewe simama nje, mgongo kwenye ukuta huo lakini usiuzibe wote. Nyuma yake ndani ni giza, kwa hiyo sura inajitenga yenyewe. Pahala pa pili ni pale kichochoro kinapomwagikia kwenye uwazi: akae ndani ya kichochoro, uso uelekee uwazini. Akitaka kukaa barazani, muwekee kitambaa cheupe mapajani, nje ya fremu, kirudishe mwanga chini ya nyusi.

Baada ya hapo ndiyo taa. ISO 400 hadi 800, f/2.8, 1/200, taa sentimita 60 hadi 80 kutoka usoni, juu kidogo ya macho, asilimia 10 hadi 20. Kazi yake ni kuweka nukta ya mwanga kwenye mboni na kuinua kivuli kidogo. Ikionekana kuwa kuna taa, imezidi.

Buluu na njano unayoiona ni taa ya 5600K dhidi ya chokaa ya zamani inayorudisha mwanga wenye joto. Kunja karatasi nyeupe katikati, isimame kama paa la banda, ishike pale uso utakapokuwa: ubavu mmoja utazame ukuta, wa pili utazame taa. Geuza Kelvini za taa mpaka mbavu mbili za karatasi zifanane. Vichochoroni mara nyingi utaishia kati ya 4300 na 4800. Ndipo upime mizani ya weupe. Ukuta uliopakwa kijani, mkwepe tu. Unapaka shavu kijani na hakuna Kelvini ya kuliondoa.

Wakati wa magharibi ukitaka anga litoke buluu iliyoiva, taa 3200K na kamera 3200K.

Na baraza ni ya mwenye nyumba. Piga hodi uombe. Watu hawakatai, wanachochukia ni stendi iliyotegwa njiani huku vespa inapiga honi nyuma. Bandarini, uwanja wa ndege, Ikulu na kambi za vikosi, kamera ibaki mkobani.

Mimi ni mpiga picha wa kike, nachukua kazi za sherehe za kumpamba bibi harusi, za wanawake peke yao. Chumba cha bibi harusi ni kidogo, dari ni la boriti, taa nikiielekeza juu hakirudi kitu. Pia familia zinaogopa picha kuvuja. Niwahakikishie vipi?
*Chake Chake*

Boriti nyeusi zinakunywa mwanga, dada. Ning'iniza shuka jeupe ukutani, si lenye maua, ubavuni mwa bibi harusi, mita moja na nusu kutoka kwake, na taa uielekeze kwenye shuka, si kwake. Shuka la upana wa mita mbili linakuwa taa la upana wa mita mbili. Utapoteza stopu mbili au zaidi, kwa hiyo tegemea ISO 800 hadi 1600, f/2.8, 1/100. Kwa picha ya karibu ya mikono yenye piko na hina, igeuze taa iwe pembeni na chini, ipite juu ya ngozi kwa mshazari: michoro inainuka, na unaona mpaka pale piko lilipokutana na hina. Mwanga wa kutoka mbele unailaza yote.

Kuhusu kuvuja, ahadi ya mdomo haitoshi, weka utaratibu. Zima Wi-Fi na Bluetooth za kamera kabla ya kuingia. Programu nyingi za simu zinavuta nakala zenyewe na kuzipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kukumbuka. Programu hizo pia hupachika alama ya pahala ilipopigwa picha. Kufomati kadi hakufuti: faili zinabaki na zinaweza kufufuliwa mpaka ziandikwe juu yake. Kwa hiyo kwa kazi hizi nunua kadi mpya, ingiza bei yake kwenye malipo, na ukishamaliza kazi mkabidhi mama wa bibi harusi kadi yenyewe. Kuhariri ufanye kwenye kompyuta isiyounganishwa na mtandao, na muandikiane ni siku gani nakala yako itafutwa. Ukitaka picha moja ya kujitangazia, ombea ile ya mikono.

Nikitoka chumba chenye kiyoyozi hotelini Nungwi, lenzi inapata ukungu robo saa nzima. Na sasa naona nyuzi nyeupe ndani ya kioo.

Ukungu ni umande. Hewa ya pwani, khasa miezi ya kaskazi, inaangusha maji juu ya chochote chenye ubaridi chini ya nyuzi 24 hivi, na chumba chako kiko 20. Pandisha kiyoyozi kifike 26, au mkoba uliofungwa utangulie nje nusu saa kabla yako. Usifute, unachora mistari tu. Na kamwe usibadilishe lenzi wakati kuna ukungu, kwa sababu kwenye mirolesi nyingi sensa iko wazi nyuma ya mlango wa lenzi.

Nyuzi nyeupe ni kuvu. Zikiwa chache, fundi wa lenzi anaweza kuzisafisha. Zikishakula mpako wa kioo, alama inabaki. Lenzi hiyo iweke mbali na nyengine. Hifadhi zilizobaki kwenye boksi linalobana, lenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu) na kipima unyevu, kati ya asilimia 40 na 50. Silika ikibadilika rangi, ioke kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, inarudi. Mchele hapana, unaacha vumbi la wanga. Na aliyekuambia karafuu zinafukuza kuvu kakuuzia karafuu.

Ukitoka ufukweni futa kamera kwa kitambaa laini kilicholowa maji baridi ya bomba na kukamuliwa sana, kabla chumvi haijakauka. Miguu ya stendi isuuze kabisa.

Betri zangu zitaruhusiwa kwenye ndege ya Pemba? Na zitadumu muda gani?
*Mwanakwerekwe*

Zidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, upate wati-saa (Wh): 14.8 × 6.6 ni Wh 97.7. Chini ya Wh 100 unapanda nazo mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na ncha za umeme za betri zizibwe kwa tepu. Kati ya 100 na 160 omba idhini ya shirika la ndege mapema, na za akiba zisizidi mbili. Kwa boti hakuna hesabu hiyo, ila usikae nazo sitahani kwenye mvuke wa chumvi.

Taa ya wati 60 kwa ukweli inavuta karibu 75. Betri mbili za aina ya F970 zenye Wh 47 kila moja zinakupa saa moja na kidogo ikiwa mia, na zaidi ya saa tatu ikiwa asilimia 30. Sababu nyengine ya kusubiri magharibi.

Mteja wangu anavaa nikabu. Kamera inakataa kushika jicho, inashika mti wa nyuma.
*Mkoani*

Kamera nyingi hutafuta uso kwanza, kisha jicho. Bila pua na mdomo zinapotea. Zima utambuzi wa uso, chagua nukta moja ndogo ya fokasi, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, kwenye mstari wa kope ambako kuna wanja, maana fokasi inashika panapokutana cheusi na cheupe. Kwa lenzi ya mm 85 ukiwa mita moja na nusu, usifungue zaidi ya f/2.8, kwa f/1.4 jicho moja litakuwa kali na la pili limelala. Taa iwe chini kidogo kuliko kawaida, usawa wa macho, kwa kuwa upindo wa juu wa nikabu unatupa kivuli kopeni.